Mwalimu Polycarpe na Majina Ubaoni

Tata Padri, wazee, walimu na wanafunzi, jamii imenituma mimi, Ngeleka Stanislas, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha yake, nami nitayasoma yote, hata panaponiuma.

Badibanga Polycarpe alizaliwa Luputa, Kasai, tarehe 2 Februari 1921, akasoma shule ya misioni hukohuko, akapata cheti cha ualimu mwaka 1940, na mwaka uliofuata akaja kwa treni Kolwezi, baba yetu alikokuwa mchimbaji, akapewa darasa katika shule ya kambi ya wachimbaji. Tarehe 7 Agosti 1943 alifunga ndoa na mama Bilonda Godelieve, Mungu akawapa watoto wanne, na mmoja, Simone, alitangulia.

Jumatatu, tarehe 17 Septemba 1956, mtoto Tshibola alikuwa hajaonekana tangu jana yake, ikasemwa kambini kwamba Kyungu, muuza vitambaa aliyetoka Dilolo, ni mutumbula, yaani mtu anayekamata watu wakaliwe, tukamkimbiza kwa mawe na fimbo, akaingia darasani mwa Polycarpe, naye mwalimu akasimama mlangoni, akauliza, "Nani alimuona na macho yake?"

Mmoja akasema ameambiwa na Kanku, Kanku akasema ameambiwa na mama Ntumba, na kila jina Polycarpe aliliandika kwa chaki kwenye ubao ulio karibu na mlango, mpaka mama Ntumba akasema, "Mutoto wangu alisikia kwako, mwalimu."

Polycarpe angeweza kukana, lakini aliandika jina lake mwenyewe chini ya mengine, akatugeukia, akasema, "Ni kweli, ni mi, niliambia batoto mutumbula amefika, juu basicheze karibu na shimo ya mine, pale banachimba shaba, nilibaogopesha tu, sikuona mutu."

Hapo jiwe likarushwa, likampasua jicho la kushoto, damu ikamwagika hadi kifuani, lakini hakutoka mlangoni, na watu wakaanza kuondoka mmojammoja, Kyungu akanusurika. Jiwe lile lilitoka mkononi mwangu. Kesho yake Tshibola alikutwa kwa shangazi yake, mtaani Manika, mzima.

Polycarpe alisimamishwa kazi miezi mitatu kwa uvumi ule, na aliporudi, na jicho moja, aliwaamuru wanafunzi wamuulize kila siku, "Mwalimu, unajuaje?", asipojua alikiri, na wazazi wengine walinung'unika kwamba watoto wao wanauliza mno.

Mwezi wa Machi mwaka huu mapafu yalianza kumsumbua, akalazwa Mei, akaniambia, "Stanislas, utasoma wewe, na usiruke kitu," akafariki Alhamisi, tarehe 11 Juni 1959.

Tunawashukuru daktari na wauguzi, majirani waliolala nasi matangani, walimu wenzake waliobeba jeneza, na zaidi mama Godelieve, aliyejua tangu siku ile ni nani aliyerusha, na kwa karibu miaka mitatu akanipakulia chakula kila Jumapili, mezani kwa mume wake.

Kaka, nimesoma yote, pumzika sasa kwa amani.