Gervas Albano, Fundi wa Kompyuta Zilizokataliwa

Marehemu Gervas Albano alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, Nanganga, wilayani Masasi, mtoto wa pili wa hayati Mzee Albano, mchonga vinyago, na Mama Eufrazia. Alisoma shule ya msingi hapohapo, akamaliza sekondari Masasi mwaka 1997. Hakuwa mtu wa kutupa kitu. Redio ya baba ilikufa mara tano, na mara zote aliifufua.

Mwaka 2001 aliajiriwa karani katika yadi moja ya makontena Kurasini. Huko alijifunza Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, hadi akawa anatengeneza mwenyewe kerneli, yaani kile kiini cha mfumo kinachoiwezesha kompyuta kutambua vifaa vyake. Kompyuta iliyoitwa chakavu aliitengenezea kerneli nyepesi ya kiasi chake, ikarudi kazini. Alikuwa mbishi, hatufichi. Mwaka 2014, kwa kujiamini, aliweka kerneli mpya kwenye kompyuta zote za yadi na kufuta ya zamani. Asubuhi haikuwaka hata moja, malori yakapanga foleni hadi barabarani. Alimwomba radhi dereva mmoja mmoja, na tangu siku hiyo akawa na sheria yake: "Ya zamani haifutwi mpaka mpya iwake mara tatu."

Tarehe 8 Julai 2006 alifunga ndoa na Herieth, hapa Temeke. Mungu akawajalia Clara na Edgar.

Mwaka 2024 figo zilianza kumsumbua. Wakati huo alikuwa amemwahidi Mwalimu Gladness kufufua kompyuta kumi na mbili za shule ya jirani, ambazo wanafunzi walikuwa wakizitazama tu. Kazi ikahamia kitandani.

"Baba Clara, pumzika bwana, hizo kompyuta hazikimbii," mkewe alimsihi.

"Mie ndo nakimbia, mama Clara. Ngoja niifunge kerneli yao vizuri kwenye faili moja, mwalimu aiweke mwenyewe hata nisipokuwepo."

Ijumaa alimkabidhi mwalimu faili hilo. Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, alifariki bila kujua kama kazi yake ilikubali. Hilo limetuuma sana.

Ameacha mama, mjane, watoto wawili na mimi dada yake, ninayewasomea.

Jana Mwalimu Gladness aliiweka ile kerneli, akanipigia simu akilia. Pumzika kwa amani, kaka. Zimewaka zote kumi na mbili, mara tatu.