Kijiuzi Alichokibishia Hezekia

Marehemu Hezekia Filipo Mkumbo alizaliwa Kinyangiri tarehe 14 Machi 1986, mtoto wa pili wa marehemu mzee Filipo na Mama Evodia. Alikuwa mtundu huyo, acha! Tochi ya baba yake aliifungua siku ileile iliponunuliwa, na viboko akala.

Alisoma shule ya msingi hapahapa Kinyangiri, 1994 hadi 2000, sekondari Singida mjini, kisha fizikia chuo kikuu. Tarehe 6 Agosti 2016 alifunga ndoa na Ritha, kule Unyambwa.

Katika maabara ya utafiti Dodoma, kazi yake ilikuwa kuchonga vimistari kwa mwanga ndani ya uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Uzi ukichovywa kwenye damu, protini ya saratani ya ini hunata juu yake, na mwanga unaorudi hubadilika rangi kidogo. Alipokuja likizo alimweleza mama yake, naye akanyoosha mkono.

"Basi nipime mimi, mwanangu."

"Subiri kwanza, mama," akacheka. "Kijiuzi chenyewe bado kinasema uongo."

Uongo wenyewe ulikuwa huu. Kipimo kilihitaji damu ya mtu asiyeumwa, ya kulinganishia, na Hezekia alitoa yake. Tangu Novemba 2023 kijiuzi kilisema damu hiyo ina ugonjwa. Akakitupa, akachonga kingine. Akachonga cha tatu, na cha nne. Miezi minne alihangaika na uzi, asijishuku hata siku moja. Jamani, nani angejishuku?

Machi 2024 tumbo lilivimba. Hospitali ilikuta saratani ya ini, imeshaenea. Madaktari walisema wazi hawana la kufanya. Ndugu wakabaki kushika tama na kumgeuza kitandani.

"Kiliniambia mapema, mama," alisema. "Mimi ndiye niliyekibishia."

Alifariki Jumapili, 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama yake.

Ameacha mama, mjane, watoto wawili, Derick na Esta, na dada yake Yunisi anayesoma haya.

Jana wenzake wa kazini walileta kile kipimo chake msibani. Mama Evodia akanyoosha mkono tena, wakampima. Kikasema ni mzima. Mama alilia mno. "Si bora kingenisema mimi!"



Pumzika kwa amani, Hezekia. Ubishi umekwisha.