Karatasi Niliyosaini Kituoni

Mwangaluka, ndugu zangu. Mlionipa shikamoo, marahaba. Ambao hamkunipa nimewaona.

Mimi shule niliishia darasa la pili, nikaenda kuchunga. Karasha zangu mbili kule Katoro, za kusagia mawe ya dhahabu, nimezipata kwa mikono hii. Nilijiona mtu mkubwa. Mniwie radhi, bado najiona. Lakini mwenyekiti wa mkutano huu amesema ushuhuda uwe wa kweli, basi sikieni aibu yangu.

Walikuja asubuhi askari wawili, mashine zinasaga. "Mzee, twende kituoni." Nikauliza, kwa kosa gani? "Utajua mbele." Wateja wanatazama, vumbi limenijaa hadi kwenye kope. Sikujua kwamba sheria inamtaka askari akwambie kosa lako pale pale. Nilichojua ni kutangulia, nisionekane nasukumwa.

Kituoni ndiko nikasikia eti kuna mawe ya wizi yamesagwa kwangu. Nikakaa mahabusu siku nne. Sheria inasema saa ishirini na nne, upelekwe mahakamani au uachiwe. Mimi sikupelekwa popote. Mke wangu alileta ugali kila siku, akaandikwa kwenye daftari la getini.

Siku ya nne wakawapata wezi wenyewe, na mawe wanayo. Nikaletewa karatasi. "Soma mzee, weka sahihi, uende." Ndugu zangu, nawaambia, nikavaa miwani, nikapitisha macho juu mpaka chini, nikaitikia kwa kichwa, nikasaini. Sahihi naijua. Kusoma sijui.

Nikarudi, wateja wananikwepa kama mwizi. Nikasema Serikali nitaishtaki, jina langu lisafishwe. Wakili wa msaada wa kisheria, binti mdogo tu, akaniambia lazima kwanza tutoe notisi ya siku tisini. Tukatoa. Majibu yakaja pamoja na ile karatasi. Akanisomea.

"Inasema ulikwenda mwenyewe kusaidia upelelezi, ukarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Sahihi ni yako?"

"Walinipiga ndipo nikasaini."

Uongo. Hakuna aliyenigusa. Nilikuwa tayari kumsingizia mtu kipigo kuliko kusema sijui kusoma.

Binti akaniangalia. "Basi mzee tutahitaji PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa majeraha. Wakikukamata na uongo mmoja, hata siku nne za kweli hakuna atakayeziamini."

Mke wangu, tuliyekuja naye, akasema, "Baba Kulwa hajui kusoma. Barua zote namsomea mimi tangu anioe."

Nikatoka nje kwa hasira, nikasimama juani mpaka shati likalowa. Niitwe mwizi, au niitwe mjinga? Nikarudi ndani. "Andika alivyosema."

Mahakama Kuu, wakili wa Serikali akanibana hapo hapo. "Mzee, hujui kusoma, miwani ya nini?"

"Ya kuonyesha watu."

Wakacheka. Wakacheka sana. Nilishika ile meza ya mashahidi mpaka wakamaliza. Kisha mke wangu akaeleza habari za ugali, daftari la getini likaletwa, jina lake limo siku zote nne. Jaji akasema nilikamatwa na kuwekwa ndani kinyume cha sheria.

Sisemi yameisha. Katoro wapo wanaopunguza sauti nikipita. Hukumu haikusomwa kwenye kila kibanda cha chai, na aliyeniona natolewa kwenye karasha hakuwepo mahakamani. Hilo linaniuma mpaka leo.

Namshukuru yule binti, aliyenikatalia uongo wangu bila kunivunjia heshima. Nanyi wachimbaji, wengi wenu ni kama mimi, msinitazame hivyo. Ukikamatwa, uliza kosa lako. Ukipewa karatasi, sema nisomee, na kama humwamini anayesoma, sema subiri ndugu yangu aje. Wakicheka, waache wacheke.

Mke wangu yupo pale nyuma. Mama Kulwa, uliponisema kwa wakili nilikununia wiki nzima. Leo nakushukuru mbele za watu.