Mama Swichi na Beseni la Funguo

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Unayetusikiliza jikoni, punguza moto. Unayetusikiliza garini, egesha pembeni, funga milango, kisha jaribu vitasa kimoja kimoja uhakikishe kweli imefungwa. Mtu tunayemkumbuka leo asingekubali tuanze kabla hujafanya hivyo.

Tunamkumbuka fundi umeme wa magari. Alifariki Jumanne asubuhi, akiwa na miaka sitini na mmoja, baada ya kuugua kifua kwa wiki tatu. Kazi ya nyaya za magari aliifanya kwa miaka thelathini na sita. Jina lake la kwenye kitambulisho mnalijua wachache. Jina lake la kazi mnalijua nyote: Mama Swichi.

Kwa nini Mama Swichi? Kwa sababu alikuwa na kitu chake kimoja, kidogo kuliko kifungo cha koti. Swichi ya siri. Aliificha ndani ya gari lako mahali ambapo mwizi hawezi kupafikiria. Usipoibonyeza, gari haliwaki. Ufunguo unao, mafuta unayo, betri ni mpya, na gari limesusa kama bibi harusi aliyeletewa viatu visivyomtosha.

Ukifika karakana kwake, alikuchunguza wewe kabla ya gari. Kiti unakisogeza mbele au nyuma? Simu unaiweka wapi? Unatumia mkono gani? Kisha anakufukuza. "Nenda kwenye benchi, unywe chai, ugeuze uso ukutani." Akimaliza anakunong'oneza sikioni mara moja. Mara moja tu. Haandiki popote, na hamwambii mtu wa pili hata awe nani.

Mumewe ni fundi cherehani. Jana tulimkuta amekaa barazani na wageni, akatuambia hivi: "Nimeishi naye miaka thelathini. Gari letu sijawahi kuliwasha peke yangu. Nikimwomba anionyeshe, ananijibu, baba watoto, wewe una marafiki wengi."

Kuna mwalimu mmoja, yuko hai na anatusikiliza, alisahau swichi yake ilipo. Kwa aibu alisukuma gari siku mbili akiwaambia majirani ni mazoezi ya mgongo. Siku ya tatu akaenda karakana kichwa chini. "Fundi, nimesahau." Mama Swichi akamtazama juu mpaka chini. "Hongera, mwalimu. Wewe na mwizi sasa mko darasa moja."

Lakini, wasikilizaji wapendwa, hatukuja hapa kucheka tu. Kuna jambo moja Mama Swichi alilifanya ambalo wengi mmelisikia nusu nusu. Leo tunalisimulia lote.

Mama Swichi alikuwa na mdogo wake wa mwisho, wa kiume. Mama yao alipofariki, ni yeye aliyemlea, akamsomesha, akamfundisha kuendesha gari. Kijana akawa dereva wa mfanyabiashara wa mbao. Gari lenyewe lilikuwa jipya, jeupe, dogo, la mviringo. Mnayakumbuka yale. Watu waliyaita Mayai. Mwaka ule kila barabara ilikuwa na Yai.

Mama Swichi alitaka kuliwekea swichi Yai la bosi. Bosi akakataa. Wakala aliyemuuzia alimwambia fundi wa nje akigusa waya hata mmoja, waranti, ile dhamana ya kiwanda, imekufa. Basi Yai likabaki na kufuli ya kiwanda, na kufuli ya kiwanda peke yake.

Saa sita mchana, siku ya kazi, dereva aliegesha mbele ya duka la dawa. Alifunga milango. Aliweka ufunguo mfukoni. Akapanga foleni kuchukua dawa za mke wa bosi. Dakika ishirini baadaye alitoka na mfuko wa dawa, na gari halipo. Kioo hakikuvunjwa, hata kipande kimoja hakikuwa chini. Na ufunguo uko mfukoni mwake.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Bosi aliuliza swali moja tu. "Gari limefunguliwaje kama ufunguo unao wewe?" Askari mpelelezi akauliza hilohilo. Mtaa mzima ukauliza hilohilo. Kijana akalala mahabusu siku tatu, akaachiwa kwa kukosa ushahidi. Lakini kukosa ushahidi si sawa na kusafishwa jina. Hakuna aliyempa usukani tena. Akipita, watu walikuwa na shughuli ghafla, huyu anafunga kamba ya kiatu, yule anatafuta kitu kwenye simu. Nyumbani akaanza kula baada ya wengine kumaliza. Dada yake aliliona hilo, na lilimuuma kuliko mahabusu.

Alijua mdogo wake hajaiba. Lakini kujua kwa moyo hakufungi faili la polisi. Akaenda kwa wakala wa kiwanda, kwenye lile jengo la vioo. Akapokewa na meneja aliyevaa tai.

"Mama, kufuli zetu hazina kasoro," meneja alisema. "Kasoro, samahani, iko kwa dereva."

"Mayai mangapi yameibwa mwaka huu, baba?"

"Hilo si swali la fundi wa mtaani."

"Sawa," Mama Swichi akasema. "Nitarudi na swali jingine."

Miezi tisa ikapita. Aliuliza mafundi, akafungua kufuli kuukuu, akaandika barua ambazo hazikujibiwa. Halafu, asubuhi moja, nesi mmoja, mteja wake wa siku nyingi, akaingia karakana na Yai lake jeupe akiwa amekunja uso.

"Fundi, gari langu limerogwa. Nimetoka nalo sokoni sasa hivi. Kiti kimesogea nyuma chenyewe. Redio inanisomea bei za mifugo. Na kwenye kiti cha nyuma kuna fimbo."

"Fimbo ya nani?"

"Ningejua ningekuja kwako?"

Mama Swichi akafungua mlango, akaingiza mkono mahali fulani. Sisemi wapi, wezi nao husikiliza redio. Ni mahali alipoificha swichi ya nesi kwa mikono yake mwenyewe. Akapapasa. Akapapasa tena. Palikuwa patupu. Hata tundu la skrubu halikuwapo.

"Dada nesi, hili gari si lako."

"Si langu vipi? Nimelifungua kwa ufunguo wangu. Nimeliwasha kwa ufunguo wangu, hata kabla sijabonyeza swichi yako."

Mama Swichi akakaa juu ya tairi. Mdogo wake anakumbuka, maana siku hiyo alikuwa pale anafagia. "Dada alifumba macho," anasema. "Akamwambia nesi, rudia maneno hayo. Polepole. Nesi akarudia. Dada akaniangalia mimi. Nikajua kuna jambo limepatikana."

Wakarudi sokoni mbio. Yai la nesi lilikuwa bado pale lilipoegeshwa. Ndani, kwenye usukani, amekaa mzee mstaafu, jasho linamtiririka, anazungusha ufunguo, gari linakohoa na kuzima.

"Babu, hilo gari ni langu," nesi akasema.

"Lako? Binti, na ufunguo huu niliolifungulia ni wa nani? Gari ni langu, limenigomea tu. Na kuna mtu ameniibia fimbo."

Mnaona mambo hayo, wasikilizaji wapendwa? Ufunguo wa nesi ulifungua gari la mzee na kuliwasha. Ufunguo wa mzee ulifungua gari la nesi, ukashindwa kuliwasha. Kilichomzuia mzee wa watu asiwe mwizi bila kukusudia ni kile kidude kidogo kuliko kifungo cha koti.

Mtu mwingine angekimbilia polisi palepale. Mama Swichi hakukimbia. Alijua meneja wa tai atasema ni bahati mbaya, ni magari mawili tu kati ya maelfu. Akampa mzee fimbo yake, akamwomba nesi awaambie wenye Mayai wenzake. Wiki mbili nzima, yeye na mdogo wake walibandika matangazo kwenye vituo vya mafuta.

Jumamosi saa tatu asubuhi, Mayai arobaini na moja yalijipanga mbele ya lile jengo la vioo. Mama Swichi alileta beseni la plastiki, lile alilofulia ovaroli zake. Kila mwenye gari akatumbukiza ufunguo wake. Mama Swichi akazikoroga kwa mkono kama anakoroga unga. Kisha akatangaza: kila mtu afumbe macho, achote ufunguo mmoja, aende kwenye gari lisilo lake. Askari mpelelezi alikuwepo na daftari lake. Alialikwa yule yule aliyemlaza kijana mahabusu. Mama Swichi hakutaka mwingine.

Arobaini na mmoja walichota. Milango ishirini na sita ilifunguka. Injini kumi na tisa ziliwaka. Narudia: milango ishirini na sita, injini kumi na tisa, kwa funguo zisizo zao.

Meneja akatoka nje, tai imekaa upande. "Mnafanya fujo mbele ya ofisi za watu."

"Hatujakamilisha hesabu, baba," Mama Swichi akamjibu. "Limebaki lako."

Maana meneja naye alikuwa na Yai, lile lililoegeshwa chini ya kivuli cha kampuni. Mama Swichi akaamuru funguo zote zirudishwe kwenye beseni, kisha akamtafuta mdogo wake kwa macho. Alikuwa nyuma kabisa, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Njoo uchote."

"Dada, niache."

"Nimesema njoo. Mikono yako ina nini?"

Akaja. Akachota. Akatembea mpaka kwenye gari la meneja. Mlango ukafunguka. Akaingia, akazungusha, injini ikawaka. Hakuliondoa. Alikaa tu, mikono miwili juu ya usukani, zaidi ya miezi tisa tangu aushike mara ya mwisho. Askari akaandika kwa muda mrefu. Alipomaliza akavua kofia yake.

Zoezi la kurudisha funguo kwa wenyewe ndilo lililochukua siku nzima, kwa sababu ufunguo ulikuwa unakubali hapa na pale pia. Kuna bwana mmoja hadi leo hana hakika na gari lake. Ameamua kulipenda hivyohivyo.

Kiwanda kikajibu. Barua ilikiri kwamba funguo zilichongwa za aina chache mno, zikarudiwa rudiwa ili kazi iende haraka, na kufuli zikichakaa kidogo zilikubali hata ufunguo wa jirani. Mayai yote yakabadilishiwa kufuli bure, na ndani ya kila ufunguo mpya wakaweka kinga ya umeme ili gari limtambue mwenyewe. Lakini Mama Swichi alitaka sentensi moja zaidi. Iseme kwamba gari la mfanyabiashara wa mbao liliweza kuchukuliwa bila msaada wa dereva. Wakaleta barua bila sentensi hiyo. Akairudisha. Wakaleta ya pili, akairudisha. Juu ya ya tatu aliandika kwa kalamu nyekundu: sahihisha. Ya nne ilikuja nayo.

Mfanyabiashara aliisoma amesimama, kati ya mbao na wafanyakazi wake. Akamwomba kijana radhi mbele yao wote. Akataka kumrudishia kazi. "Nilimshukuru," anasema mdogo mtu, "nikamwambia nimeshapata nyingine." Nesi alikuwa amemtafutia kazi kwenye hospitali yake. Mpaka leo anaendesha gari la wagonjwa. Lile Yai lililoibwa halikupatikana kamwe.

Ni huyo mdogo wake aliyempeleka Mama Swichi hospitali safari ya mwisho. Aliwasha king'ora. Sauti ikatoka nyuma, dhaifu, imekatika katika: "Zima hiyo kelele. Watu watadhani nimekamatwa." Anasema alicheka mpaka akashindwa kuona barabara vizuri, na akapunguza mwendo.

Kwa mume, kwa mabinti wake wawili ambao sasa ndio wenye karakana, kwa mdogo wake, na kwa kila mliyenong'onezwa sikioni mara moja tu: poleni sana. Mungu amlaze pema.

Nasi tuliobaki tujitazame. Kila mtaa una mtu aliyetupiwa lawama kwa sababu alikuwa karibu, na kwa sababu ni rahisi kumuuliza dereva kuliko kumuuliza mwenye kiwanda. Mfikirie wako. Umemwacha na jina hilo kwa muda gani?

Msiba uko nyumbani kwake, nyuma ya karakana. Mlangoni, anayepokea wageni na kuwapangia viti ni yule dereva. Usipite kimya. Simama, mpe mkono, umsalimie.