Mchezo wa Kwenye Boksi la Viatu

Benchi letu liko nje ya banda la Gundi, fundi viatu, na birika la kahawa linakaa katikati yetu. Mimi ndiye Bingwa, uliza mtaa mzima. Hapa hapa Mtunzi alichora mchezo wake wa kwanza, Njia ya Mzigo, juu ya kifuniko cha boksi la viatu, vizibo vya soda vikiwa malori. Enzi hizo kahawa ilikuwa kahawa kweli, na mimi nilishinda mara mia nne. Au mia tano.

Leo asubuhi tulikuwa tunamkumbuka. Gundi anadai Mtunzi alipoajiriwa na kampuni ya vitabu alihariri kamusi nzima kwa wiki moja. Nikamwambia siku tatu, tena nilikuwepo. Redio, yule anayepata habari kabla hazijatokea, akasema chuo kikuu walimpa uprofesa baada ya kuwafunga maprofesa wote kwa dadu. Akafundisha weee, mwisho akaacha, akafungua kiwanda cha michezo.

— Haraka haraka haina baraka, akasema Gundi, methali kinyume kama kawaida yake. Ndiyo maana alipanda upesi vile.

— Wazo la kiwanda nilimpa mimi.

— Wewe ulimpa homa, Bingwa.

Tunacheka, mara akaja binti na bahasha. Akatuamkia, akasema yeye ni mtoto wa Mtunzi. Baba anaumwa, kumbukumbu zimemtoka. Wanachapa kitabu cha michezo yake yote akishike angali hai, lakini kanuni za huu wa kwanza hakuwahi kuziandika. Wakimuuliza, anatabasamu tu.

— Baba zangu, mshindi anapatikanaje?

Gundi akasema ni anayefika sokoni kwanza. Redio akasema hapana, ni mwenye mzigo mwingi. Mimi nikaongeza na daraja ambalo halikuwepo. Binti alikuwa anaandika, akaacha.

— Kati yenu, nani aliwahi kuumaliza?

Gundi akakiinamia kiatu. Redio hakuwa na habari. Mimi nikachungulia kikombe, machicha matupu.

— Hakuna, mwanangu, nikasema. Kila nikiona nashindwa, nilikuwa napindua ubao. Baba yako anaokota vizibo, anapanga upya, huku anacheka.

Akainama, akayaandika hayo neno kwa neno, kwenye karatasi iliyokuwa na kichwa tu: Mwisho wa mchezo.