Gérard Mutale, Mwenye Hisa wa Barazani (1910–1957)

Marehemu Gérard Mutale Ngosa alizaliwa Mitwaba mwezi Agosti 1910, mtoto wa tatu wa mkulima Ngosa na mkewe Kasonde. Alisoma miaka minne katika shule ya misheni. Alipenda hesabu, na alichukia kuimba kwa sababu sauti yake iliwachekesha wenzake.

Mwaka 1932 alifika Élisabethville, akaandikwa kazi katika kiwanda kimoja cha matofali. Aliyemfundisha kuwasha tanuru na kulisoma joto lake kwa rangi ya moshi ni Yuma Sumaili, kijana wa Maniema. Walikula sahani moja miaka ishirini.

Tarehe 6 Juni 1936 alimwoa Honorine Chola. Siku ya kujitambulisha, mama mkwe aliutazama udongo uliojaa kwenye kucha zake, akamrudisha kisimani kunawa mara tatu kabla ya kumpa mkono. Gérard alikuwa akicheka kila alipoisimulia habari hiyo.

Yanayofuata yanachefua kuyasema mbele ya jeneza, ila ameyaagiza mwenyewe.

Mwaka 1952 wenye kiwanda waliwagawia wafanyakazi kumi karatasi za hisa, wakawaambia kwamba sasa kiwanda ni chao pia. Gérard aliamini kabisa. Alifika kazini kabla ya king'ora, akafagia hata mahali pasipomhusu, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Kisha furaha ikamharibu. Tangu zamani, kila Jumamosi mchana, wafanyakazi waliruhusiwa kubeba matofali yaliyovunjika wakatengeneze nyumba zao. Gérard akasimama langoni na kuikomesha desturi hiyo, ingawa hakuna mzungu aliyemtuma. Yuma alikuwa akimjengea mama yake, Bibi Amida, chumba. Akapita na gunia lake kama kawaida.

"Hii tofali iko yangu, Yuma. Unaniiba miye," Gérard akamwambia.

"Yako? Juu ya ile karatasi banakupa?"

Gérard akapeleka jina la Yuma ofisini. Yuma akafukuzwa kazi, na pamoja na kazi akapoteza nyumba ya kambi ya kiwanda. Bibi Amida alitolewa nje na mkeka wake, mvua ikinyesha. Honorine alikataa kula meza moja na mumewe mwezi mzima, na familia nzima iliona haya kutajwa pamoja naye.

Machi 1954 wenye hisa waliitwa mkutanoni. Gérard alivaa koti, akaazima tai. Wale kumi wakaachwa barazani na limonadi, huku wenye hisa wazungu wakikata shauri ndani. Alipouliza wao wa barazani watasema lini, karani aliwaletea karatasi iliyokwisha kuandikwa, watie sahihi tu. Gérard alitia sahihi. Alipofika nyumbani aliivua ile tai mlangoni.

"Banatuita benye kiwanda," akamwambia mkewe, "kumbe tuko bantu ba ku baraza. Na miye nilimufukuzisha Yuma juu ya ile!"

Tangu hapo alijionea kinyaa. Kila Jumapili alikwenda nyumbani kwa Yuma, mtaa uitwao Kenya mjini humo humo, akakaa nje ya mlango. Yuma hakumfungulia.

Mwaka 1956 mapafu yalimshinda. Moshi wa tanuru ulikuwa umeyala. Alifariki Alhamisi, 14 Februari 1957, saa nne asubuhi, baada ya kuwaambia wanawe: "Musiseme nilikuwa muzuri. Museme namna nilimufanyia Yuma."

Tumesema, kaka.

Ameacha mjane, Honorine. Watoto wanne, Constance, Godefroid, Mujinga na Musonda. Na wajukuu wawili. Ameacha pia Yuma Sumaili, aliyekuja jana msibani bila kuitwa. Honorine alimuuliza kama amesamehe.

"Bado," Yuma akajibu. "Lakini jeneza yake, miye njo nitabeba kule mbele."

Mungu amlaze Gérard pahali pa utulivu.