Mizani ya Mama Paskazia

Ijumaa hii, tarehe 29 Mei 2026, Mama Paskazia Lubango anastaafu baada ya kutunza stoo ya Gereji ya Mwambao, Ilemela, kwa miaka ishirini na sita. Wenzangu wameniomba mimi, Yakobo, fundi wa breki, niandike wasifu wake, na nadhani wamenichagua makusudi. Wanajua kwamba katika gereji hii hakuna aliyemcheka kuliko mimi, na kwamba bila yeye huenda leo nisingekuwepo.

Mama Paskazia alizaliwa karibu na Bujora. Kabla ya kuja kwetu alifanya kazi miaka saba kwenye kiwanda cha minofu, akipima sangara tangu asubuhi hadi jioni. Huko ndiko alikopata ugonjwa wake, maana sisi tuliuita ugonjwa. Mwezi wake wa kwanza hapa alidai mizani, akasumbua hadi akapewa, na tangu siku hiyo hakuna kitu kilichovuka kaunta ya stoo bila kupimwa. Kikifunguliwa kwenye gari la mteja kinaingia stoo, kinapimwa, kinaandikwa kwenye daftari: uzito kikiingia, uzito kikitoka. Pampu, betri, boliti, hata mfuko wa matambara. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu kwamba macho yake amekwisha kuyakamata yakimdanganya mara nyingi mno.

Tulimtania, jamani. Winnie wa mapokezi alipomleta mtoto wake mchanga tumwone, Mama alimlaza kwenye mizani juu ya kanga iliyokunjwa, akatangaza kilo tano na gramu mia mbili. Kesho yake kliniki wakasema hivyo hivyo. Siku nyingine mkuu wetu, Mzee Mbaruku, alirudi na samaki aliyeuziwa kuwa ni wa kilo nane. Mama akampima yule samaki, akakuta kilo sita na nusu, na Mzee Mbaruku akarudi sokoni huku amekunja mikono ya shati.

Sasa nifike kwenye Ijumaa moja ya Agosti mwaka jana.

Mteja wetu Alexander, wa Buswelu, ana gari la mbio lenye disiki za breki za kaboni na kauri. Hizi siyo disiki za chuma tulizozizoea. Ni nyepesi, hazishiki kutu, na kwa mwendo wa barabarani zinaweza kuishi karibu sawa na gari lenyewe. Lakini Alexander hakuishia barabarani. Jumamosi alikuwa anakwenda kulikimbiza kwenye njia ya mashindano nje ya mji, ile ambayo mwisho wa sehemu yake iliyonyooka kuna kona kali, nyuma ya kona mawe, na nyuma ya mawe ziwa. Wiki hiyo aliniahidi kiti cha abiria. Nilikuwa nimeshawatangazia wanangu kwamba kesho baba yao anapanda gari la mbio, na mtaa mzima ulikuwa na habari.

Asubuhi nilifungua magurudumu, nikapigwa na butwaa. Pedi za breki, zile zinazoibana disiki, ambazo kwa safari za kawaida zingekaa miaka zilikuwa zimekwisha kwa Jumamosi tatu, zimebaki nyembamba kama biskuti. Niliwaita mafundi wote waje waone. Tukashangaa, tukapiga picha. Kisha nikapima unene wa disiki, nikakuta haujapungua hata unywele. Nikaona basi, ni kubadilisha pedi tu. Nikaandika "salama" kwenye karatasi ya kazi, nikasaini, disiki zikasafishwa na kupelekwa stoo zisubiri kufungwa.

Nilipozifuata saa tisa alasiri, Mama Paskazia hakunipa. Aligeuza daftari upande wangu. Disiki ya mbele kushoto ilipoingia kwetu mara ya kwanza, miaka miwili kabla ya hapo, ilikuwa na gramu 6,140. Sasa ina gramu 5,930, na alikuwa ameipima mara tatu. Ya kulia haikuwa na nafuu. Nikacheka. Nikamweleza kwamba disiki huisha kwa unene, na kwamba breki ni kazi yangu ya miaka kumi na tano. Alipozidi kung'ang'ania, nikamwambia mbele ya mafundi na wateja neno ambalo nalionea aibu mpaka leo:

"Mama, hii siyo sangara."

Alivaa miwani, akaigeuza ile disiki, akaweka kidole kwenye maandishi madogo yaliyochongwa karibu na katikati. Maandishi hayo nilikuwa nimeyapangusa vumbi kwa miaka miwili bila kuyasoma. Yalisema disiki ile isitumike tena ikishuka chini ya gramu 5,990.

Niliyasoma mara mbili. Joto la mbio lilikuwa limeichoma kaboni ya ndani, disiki ikabaki na unene uleule na sura ileile, lakini nguvu hamna. Zile pedi zilizokwisha haraka zilikuwa zinanipa habari ya joto hilo, na mimi nikazipiga picha. Alexander alikuja amewaka, akilalamika kwamba tunamharibia Jumamosi yake. Alipoonyeshwa yale maandishi aliomba maji ya kunywa. Wiki mbili baadaye mtaalamu aliyezikagua kule Dar es Salaam alituandikia kwamba yeye asingethubutu kuzikanyagia breki hata mara moja kwa mwendo ule.

Siku hizi hapa kwetu kila disiki ya aina hiyo inapimwa uzito kabla haijarudi kwenye gari, na amri hiyo imebandikwa ukutani. Mama mwenyewe hapendi kisimuliwe kisa hiki. Ukikianza, anaondoka kwenda kuhesabu boliti.

Jumatatu iliyopita nilikuwa namsaidia kukabidhi madaftari, nikafungua ukurasa wa siku ile. Chini ya mistari ya disiki kuna mstari ambao sikuwahi kuuona. Mahali pa jina la kitu ameandika: Fundi Yakobo. Penye kuingia: mzima. Penye kutoka: hatoki mpaka nijiridhishe. Saa iliyoandikwa pembeni ni saba mchana, saa mbili kabla sijamcheka.

Mama Paskazia, shikamoo. Gereji nzima inakushukuru. Kuku utakaowafuga Bujora tunawaonea huruma, maana watapanda mizani kila asubuhi. Tunakuombea afya, usingizi mnono na miaka mingi ya kukaa kwako kwa raha. Na wanangu watatu wamenituma nikuambie asante, kwa kuwa siku ile ulikataa kunitoa.